Demi Moore alikuwa na tuzo tatu. Mbona Oscar ikampita?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina laibrari ya muvi hapa Arua, Uganda, karibu na paki ya mabasi. Wateja huleta flashi zao nikawajazia filamu. Kila mwaka tunafanya shindano dogo la kutabiri Oscar ya mwigizaji bora wa kike na wa kiume, anayekosa ananunua roleksi, ile chapati ya mayai, na soda. Mwaka 2025 niliwaambia watu wote wamfuate Demi Moore, kwa sababu alikuwa ameshachukua Golden Globe, Critics Choice na tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG. Akashinda Mikey Madison. Wateja wananicheka hadi leo. Kuna njia ya kweli ya kutabiri, au wote tunabahatisha? Na kuitazama filamu yenyewe kunasaidia chochote?"

Jibu:

Marahaba dada. Njia ipo. Kukosa utakosa tu mara moja moja, lakini hutakosa kwa sababu ileile kila mwaka. Na usiwaache wateja wakuonee: watabiri wengi wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu na wako walikuwa na Demi Moore mwaka huo. Shida haikuwa mtu uliyemchagua. Shida ni kwamba ulihesabu tuzo kama mabao, tatu kwa moja, mechi imekwisha. Tuzo hazijumlishwi hivyo, kwa sababu kila moja inapigiwa kura na watu wake, na wengi wao hawana kura kwenye Oscar.

Tuanze hapo. Critics Choice hutolewa na wahakiki na waandishi wa habari. Golden Globe vilevile ni ya waandishi wa habari. Chama cha zamani kilichoimiliki kilivunjwa mwaka 2023, na sasa wapiga kura wake ni waandishi wapatao mia tatu kutoka nchi nyingi. Mwandishi wa habari hapigi kura ya Oscar. Akimpa mtu tuzo anachompa ni jukwaa: dakika mbili za kuhutubia mbele ya kamera, na mada ya mazungumzo kwa wiki kadhaa. Demi Moore alilitumia vizuri sana jukwaa hilo Januari 2025, akasimulia jinsi mtayarishaji mmoja zamani alivyomwona kuwa mwigizaji wa filamu za kutafunia bisi tu, asiyefaa kwa tuzo. Hotuba ile ilimpaisha. Lakini kura hata moja ya Oscar haikuwa imepigwa kwa ajili yake siku hiyo.

SAG ni kitu kingine. Hapo wanaopiga kura ni waigizaji wenyewe, na ni wengi mno: wanachama wenye haki ya kura ni zaidi ya laki moja, wakiwemo watangazaji, wacheza matangazo ya biashara na watu wa vipindi vya televisheni. Akademi inayotoa Oscar ina wapiga kura wapatao elfu kumi tu, na waigizaji kati yao ni elfu moja na mia kadhaa. Hata hivyo SAG ni kipimo kizuri, kwa sababu wale waigizaji wa Akademi karibu wote wamo ndani yake, na ladha ya fani moja haitofautiani sana. Ila angalia tarehe. Mwaka 2025 kura za mwisho za Oscar zilifungwa tarehe 18 Februari. Sherehe ya SAG ilifanyika tarehe 23. Yaani tuzo ya tatu uliyoitegemea ilitolewa wakati masanduku ya Oscar yameshafungwa siku tano. Haikuweza kumshawishi mtu yeyote. Ilikuwa habari tu, tena nzuri, lakini si msukumo.

BAFTA, tuzo ya akademi ya filamu ya Uingereza, ilitolewa tarehe 16 Februari, siku mbili kabla ya kufungwa. Aliyeshinda? Mikey Madison, na Demi Moore alikuwa kwenye orodha ileile. Pale ndipo ulipaswa kusimama kidogo.

Sababu ya BAFTA kuwa na uzito siku hizi haina ushirikina wowote. Baada ya ghadhabu za mwaka 2015 na 2016, pale wateule wote ishirini wa uigizaji walipokuwa Wazungu kwa miaka miwili mfululizo, Akademi iliingiza wanachama wapya kwa wingi, na wengi walitoka nje ya Marekani. Sasa karibu mmoja kati ya kila watano anaishi nje ya nchi hiyo. Wapiga kura wa namna hiyo wanafanana na wa BAFTA kuliko wanavyofanana na mcheza tangazo la sabuni wa Los Angeles. Basi tazama: mwaka 2019 Glenn Close alikuwa na SAG, Olivia Colman akawa na BAFTA, Oscar ikaenda kwa Colman. Mwaka 2021 Chadwick Boseman, ambaye alikuwa amefariki, alichukua Golden Globe, Critics Choice na SAG. BAFTA ilimpa Anthony Hopkins, na Oscar nayo ikampa Hopkins, akiwa na miaka 83, amelala kwao Wales. Waandaaji walikuwa wameihamisha tuzo hiyo iwe ya mwisho usiku ule, na wengi tuliamini wanamsubiri Boseman. Mwaka 2024 Lily Gladstone alikuwa na SAG, Emma Stone na BAFTA. Unajua nani alishinda.

Sasa usikimbie kuandika ukutani kwamba BAFTA ndiyo kila kitu. Mwaka 2023 SAG ilipatia makundi yote manne ya uigizaji, na BAFTA ikakosa yote manne: ilimpa Austin Butler na Cate Blanchett, Oscar zikaenda kwa Brendan Fraser na Michelle Yeoh. Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau kabisa, nalo ni kuangalia nani alikuwa ulingoni. Mwaka 2021 Frances McDormand alishinda BAFTA, lakini Viola Davis, Carey Mulligan na Andra Day, ambao wote walikuwa wapinzani wake kwenye Oscar, hawakuwemo hata kwenye orodha ya BAFTA. Kushinda mbio ambazo wapinzani wako hawakukimbia si ushahidi mkubwa. Alishinda Oscar pia, kweli, lakini kwa sababu nyingine nitakayoieleza sasa hivi. Vivyo hivyo upande wa SAG: mwaka 2016 Idris Elba alishinda kwa mwigizaji msaidizi na hakuteuliwa kabisa kwenye Oscar, kwa hiyo SAG ya mwaka huo haikukuambia lolote kuhusu nani angeshinda kundi lile. Oscar ilimwendea Mark Rylance, ambaye BAFTA ilikuwa imeshampa, huku watu wakiwa wamemwandalia Sylvester Stallone sherehe.

Sababu nyingine ndiyo hii, na kama utachukua jambo moja tu kutoka kwenye jibu langu, chukua hili. Wateule wa uigizaji huchaguliwa na waigizaji peke yao, tawi lao ndani ya Akademi. Lakini mshindi huchaguliwa na Akademi nzima: wapiga picha, watunga muziki, mafundi wa sauti, wahariri, washona mavazi, watayarishaji, hata watu wa matangazo. Fundi wa sauti hapimi uigizaji kwa jicho la mwigizaji. Anaipenda filamu, au haipendi, na upendo huo unamwagikia kwa aliyeibeba. Kwa hiyo tuzo zikigawanyika, mimi humwangalia yule ambaye filamu yake inapendwa na matawi mengi.

Irudie miaka ile ile uone. Mwaka 2025 filamu ya Madison, Anora, ilishinda filamu bora na jumla ya Oscar tano. Kabla ya hapo ilikuwa imeshachukua tuzo ya chama cha watayarishaji na ya chama cha waongozaji, mapema Februari, na ishara hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetazama nje ya safu ya waigizaji. Mwaka 2021 filamu ya McDormand, Nomadland, ndiyo ilikuwa filamu bora. The Father ya Hopkins ilikuwa miongoni mwa wateule wa filamu bora, ya Boseman haikuwemo. Mwaka 2024 Poor Things ya Emma Stone iliondoka na tuzo nne, na filamu ya Gladstone iliyoteuliwa mara kumi ikaondoka mikono mitupu. Mwaka 2019 The Favourite ilikuwa na uteuzi kumi. Filamu ya Glenn Close ilikuwa na uteuzi mmoja tu, wa kwake.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 Jennifer Lawrence alikuwa na Golden Globe na BAFTA za mwigizaji msaidizi. Lupita Nyong'o alikuwa na SAG na Critics Choice. Mbili kwa mbili. Anayefuata BAFTA angemkosa Lupita. Lakini 12 Years a Slave ilikuwa inaelekea kuwa filamu bora, na ikawa. American Hustle ya Lawrence iliteuliwa mara kumi, haikupata hata moja. Zaidi ya hayo, Lawrence alikuwa ametoka kushinda mwaka mmoja tu kabla, na Akademi haipendi kumpa mtu mara mbili mfululizo: katika historia yote ni waigizaji watano tu waliofanya hivyo, wa mwisho Tom Hanks mwaka 1994 na 1995.

Hilo la kurudia ndilo lililomwangusha Russell Crowe mwaka 2002. Alikuwa na SAG, BAFTA, Golden Globe na Critics Choice, zote nne, na Oscar ikachukuliwa na Denzel Washington. Crowe alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Tena alikuwa ametoka kugombana na mtayarishaji wa matangazo ya BAFTA aliyekata shairi lake hewani, na kisa hicho kikaenea kama moto wa nyika. Mtu mwenye tuzo zote nne kwa kawaida hupita bila jasho, lakini hata yeye usimpe asilimia mia.

Na filamu kupendwa si lazima kila mara. Kwenu West Nile, eneo la Arua, mnamkumbuka Forest Whitaker alivyomcheza Idi Amin katika The Last King of Scotland, iliyopigwa picha hapahapa Uganda. Filamu ile iliteuliwa Oscar mara moja tu, kwa ajili yake, na akashinda tarehe 25 Februari 2007. Hakukuwa na upendo wa filamu nzima wa kumbeba. Kilichombeba ni kwamba hakukuwa na mgawanyiko: SAG, BAFTA, Golden Globe, Critics Choice, wote walisema jina moja. Kanuni yangu ya filamu ni ya kuamulia pale wanapobishana, wakikubaliana huna haja nayo. Na mwaka 2023 ilinyamazishwa na Brendan Fraser, ambaye filamu yake haikuteuliwa kuwa filamu bora ilhali Elvis ya Butler iliteuliwa. Fraser alikuwa na SAG na simulizi tamu ya mtu aliyepotea akarudi.

Simulizi zina nguvu, lakini watu huzizidishia. Mwaka ule wa Whitaker, mzee Peter O'Toole alikuwa ameteuliwa kwa mara ya nane bila kushinda hata mara moja. Ungetafuta huruma, huruma ilikuwa pale. Alirudi nyumbani bila kitu na akafa bila Oscar ya uigizaji, akiwa na ile ya heshima tu. Glenn Close naye amefikisha uteuzi wa nane. "Zamu yake imefika" ni sentensi ambayo ningewaomba wateja wako wasiiandike kwenye karatasi zao.

Kosa jingine la kwetu ni kupiga kura kwa damu. Daniel Kaluuya amezaliwa London, wazazi wake ni Waganda, na mwaka 2018 alipoteuliwa kuwa mwigizaji bora kwa Get Out, nusu ya Kampala ilimtabiria ushindi. Gary Oldman alikuwa ameshazoa tuzo zote za awali, akamalizia na Oscar. Mwaka 2021 mambo yaligeuka: Kaluuya ndiye aliyezoa zote, safari hii kama mwigizaji msaidizi, na akashinda. Kumpenda kwetu kulikuwa kulekule miaka yote miwili. Kilichobadilika ni ushahidi. Kumbuka pia kwamba alishindana na mwenzake wa filamu ileile, LaKeith Stanfield, ambaye studio ilimfanyia kampeni kama mwigizaji mkuu, wapiga kura wakamweka kwa wasaidizi. Watu walihofia watagawana kura. Hawakugawana, kwa sababu mmoja alikuwa na tuzo zote na mwingine hana hata moja.

Hapo kwenye makundi pana ujanja mwingi. Studio huamua mtu afanyiwe kampeni kama mkuu au msaidizi, na mtu mwenye nafasi kubwa akishushwa kwa wasaidizi huwa na faida, maana ana dakika nyingi za kuonekana kuliko wenzake. Katika filamu ya Amin, James McAvoy ndiye tunayemfuata mwanzo hadi mwisho, lakini BAFTA ilimteua yeye kuwa msaidizi na Whitaker kuwa mkuu. Ukiona orodha ya wasaidizi ina mtu ambaye filamu nzima ni yake, mwekee alama.

Umri pia, kwa ufupi. Akademi huwapa wanawake vijana kwa urahisi kuliko wanaume vijana. Madison alikuwa na miaka 25. Mwanaume mdogo kuliko wote kuwahi kushinda mwigizaji bora ni Adrien Brody, akiwa na miaka 29, mwaka 2003. Mwaka 2025 Timothée Chalamet, naye 29, alikuwa na SAG na angeivunja rekodi hiyo. Aliyemzuia ni Brody mwenyewe. Na mwaka huo, kama unavyoona, SAG ilikosa wakuu wote wawili, wa kike na wa kiume.

Kuna hesabu moja inayoeleza kwa nini mshangao hauishi. Kwa mwigizaji, kura ya mwisho ni ya kawaida: mwenye nyingi ndiye mshindi, hata zisifike nusu. Wagombea wakiwa watano na kura zikisambaa sawasawa, mtu anaweza kushinda kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Akademi haitangazi idadi ya kura, kwa hiyo hatujui Moore alikosa kwa elfu moja au kwa kumi. Basi kwenye shindano lenu msiandike jina moja tu. Kila mtu apewe pointi mia azigawe kwa wateule watano kadiri anavyoamini. Kwa ushahidi wa Februari 2025 mimi ningeweka kama hamsini kwa Moore, arobaini kwa Madison, na kumi kwa Fernanda Torres. Mwenye karatasi ya namna hiyo hachekwi kwa mwaka mzima, na mwenye roho ngumu ya kuweka mia kwa mmoja atanunua roleksi kwa haki.

Pointi, nasema, si pesa. Sheria yetu ya michezo ya bahati nasibu ya mwaka 2016 inakataza kucheza kamari kwa mtu asiyefikisha miaka 25, na nusu ya wateja wa laibrari yoyote ya muvi ninayoijua hawajafika huko.

Sasa la kutazama filamu. Linasaidia, ila si kwa namna unayodhani. Usitazame ili uamue nani kaigiza vizuri zaidi, maana hujaalikwa kupiga kura. Tazama ili ujue kama filamu yenyewe inachosha, inachukiza au inavuta machozi mwishoni, kwa sababu yule mhariri na yule mshona mavazi nao wanaitazama. The Substance ya Demi Moore ni filamu ya damu na miili inayooza. Ilikuwa miongoni mwa wateule wa filamu bora, lakini ni rahisi kuamini kwamba wazee fulani wa Akademi waliizima katikati. Kuanzia mzunguko wa tuzo za 2026, mwanachama haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kundi ambalo hajatazama filamu zake zote. Kwa maoni yangu kanuni hiyo itazisaidia filamu ndogo ambazo zamani watu walizipita kwa sababu hawakuzifungua.

Na ukitazama, dada yangu, tazama nakala isiyo na VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake. Nawapenda VJ wetu, bila wao nusu ya nchi isingeyaelewa mambo haya, na utani wao mara nyingine unaizidi filamu. Lakini VJ anaongea juu ya sauti ya mwigizaji, na sauti ndiyo sehemu kubwa ya kazi inayopigiwa kura. Whitaker alijifunza Kiswahili na akafanyia mazoezi lafudhi ya Amin hadi ikamkaa mdomoni. Ukimsikiliza chini ya VJ unaona mwili tu na macho.

Sherehe hufanyika Jumapili jioni Los Angeles, kwetu ni saa nane au saa tisa usiku kuamkia Jumatatu, kutegemea kama Marekani wameshasogeza saa zao mbele. Kusanya karatasi Jumapili kabla hujafunga duka, uzitie sahihi mbele ya mashahidi. Na atakayekuja Jumatatu asubuhi na karatasi yake akidai aliiandika jana, akasahau kuileta kwa sababu ya mvua, huyo ndiye anunue soda.